Mikono ya Asia inatakiwa kunyamaza ili Somoe aondoke

Saa mbili asubuhi, maji yanaanza kupanda Likwaya. Asia Zuberi anainua kanga yake hadi magotini, anaingia mtoni, anakunja viganja na kuyapiga maji. Mapigo matatu mazito, kimya kidogo, kisha mawili mepesi.

Juu ya ukingo, Francisca Mateus anavua kandambili zake na kuzifunga kiunoni kwa kitambaa. Kichwani ana beseni la unga wa muhogo na korosho, zawadi anayompelekea binti yake Nilza aliyeolewa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Ni mama wa miaka sitini na kidogo, mcheshi, ambaye kwa kawaida hamalizi dakika bila kumtania mtu. Leo ametulia.

Haupiti muda, maji yanavimba katikati ya mto. Kwanza inasikika pumzi, ndefu, ya mtu aliyechoka. Kisha unatokea mgongo mpana wa rangi ya tope, unasogea polepole hadi pale Asia aliposimama. Somoe amefika.

"Leo umechelewa," Asia anamwambia, huku akimpangusa majani usoni. "Au umeshasikia?"

Francisca anageuza uso pembeni. Wote wawili wanajua kwamba hii ni safari ya mwisho. Kuanzia kesho Asia, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, hatapiga maji tena, na kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana itakuwa imekwisha.

Kwa msomaji ambaye hajafika pande hizi, Likwaya ni kitongoji kidogo chini ya Kitaya, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Na mbeleko, kama huyu Somoe, ni mnyama wa bahari, mpole kupita kiasi, mwenye urefu wa kuushinda mtumbwi wa watu wawili. Wageni humfananisha na nguva, na wenyeji huudhika wakisikia hivyo, kwa sababu nguva humkimbia mtu na mbeleko humfuata.

Chakula chake ni majani yaotayo chini ya bahari, nje ya mlango wa mto. Maji yakijaa huingia Ruvuma kupumzika kwenye mikoko. Akihisi uzito wa binadamu, huinua mgongo juu ya maji na kukaa hivyo hivyo mpaka mtu ashuke, ndiyo maana wazee walimpa jina la kitambaa cha kubebea mtoto. Mamba, ambao Ruvuma haina upungufu nao, humpisha.

Kwa nini anabeba watu, hakuna mwenye hakika. Joyce Nantanda, mtafiti wa viumbe wa bahari anayekuja Likwaya mara kwa mara, anadhani ndivyo mbeleko anavyombeba mtoto wake mchanga, ambaye siku za mwanzo hajui kuogelea.

"Nafikiri anatuona watoto," anasema Joyce. "Na kwa kelele tunazopiga, simlaumu."

Asia anatangulia kupanda, nyuma kidogo ya shingo, akishika mkanda wa ukindu uliofungwa kwa ulegevu. Francisca anakaa nyuma yake, miguu ndani ya maji, beseni kichwani bila kulishika. Mwandishi wa makala haya, ambaye hajui kuogelea, anawafuata kwa mtumbwi wa kukodi huku ameng'ang'ania kingo zote mbili. Hapo ndipo Francisca anapocheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akamuuliza kama huko mjini kwao watu huoga kwa kopo tu.

Kazi hii Asia hakuisomea wala hakuiomba. Kwa desturi ya Likwaya, uvushaji hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na mjomba wake, marehemu Salumu Chinguile, hakujaliwa mpwa wa kiume.

"Alituita sisi, wasichana tu, akatukagua kama anachagua muhogo sokoni," anakumbuka Asia. "Akasema, huyu ana mikono mikubwa. Basi. Mama yangu alilia siku nzima."

Miaka hiyo, mjomba akipiga maji walikuja mbeleko wengi hadi wakasukumana ukingoni. Mabibi harusi walivushwa wakiwa wamefunikwa kanga mpya, na ngoma na masufuria vikifuata nyuma. Wagonjwa walivushwa kwenda zahanati. Maiti pia walivushwa, wakazikwe kwao, na watu wanasema siku hizo mbeleko walikwenda taratibu zaidi.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, kidogo kidogo, kwa namna ambayo hakuna mtu wa kumshika shati. Nyavu za kokoro zilikwangua majani chini ya bahari. Boti za injini ziliongezeka, na mapanga ya injini zake yakawachana mbeleko migongo. Zikaja nyavu za macho madogo, ambazo zikikatika huelea zenyewe na kuendelea kunasa. Kila mwaka waliokuja kuitika walipungua, na kila mwaka watu walijipa moyo kwamba wengine watakuwa wamechelewa tu.

Ilipofika miaka minane iliyopita, walikuwa wamebaki wanne. Alikuwapo Chande, dume kongwe lenye kovu puani. Alikuwapo Somoe, na watoto wawili aliozaa na Chande, ambao walikuwa wameshaanza kujifunza kubeba.

Chande ndiye aliyekuwa kipenzi cha watu. Francisca anaeleza sababu yake mwenyewe akiwa palepale mgongoni kwa Somoe, akipaza sauti ili mwandishi asikie kwenye mtumbwi.

"Mama yangu alikimbia vita kule Msumbiji, mimi nikiwa tumboni. Walifika mtoni wengi, mitumbwi hakuna. Chande alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mama alivushwa naye. Mimi nilizaliwa upande huu kabla nguo zake hazijakauka."

Mbeleko huishi miaka mingi kama mtu, na nyumba nyingi za Likwaya zina habari ya namna hiyo. Kwa hiyo Chande alipokutwa amekufa, amenaswa kwenye kipande cha wavu ulioachwa uelee, kitongoji kizima kiliingia msibani. Wanaume hawakwenda mashambani. Wanawake walipika kwa zamu nyumbani kwa mzee Salumu, mwenye mnyama wake.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Likwaya haijajisamehe mpaka leo.

Tangu zamani, mbeleko akifa, wavushaji walinyamaza siku tatu. Hakuna kupiga maji, hakuna kuvusha. Ilikuwa heshima ya kawaida, na siku ya nne kazi iliendelea. Lakini kwa Chande watu waliona siku tatu ni chache mno. Wakataka arobaini.

Shehe wa msikiti aliwaambia kwa upole kwamba mnyama hafanyiwi arobaini. Wakamjibu kwamba hawaombi hitima wala hawaongezi kitu katika dini, wanataka kunyamaza tu. Shehe naye aliwahi kuvushwa na Chande. Akanyamaza.

"Mimi ndiye niliyesimama pale barazani nikasema siku tatu ni dharau," anasema Francisca. Sasa hapazi sauti, na mpiga kasia wa mtumbwi analazimika kusogea ili mwandishi amsikie. "Watu wakanifuata. Mzee Salumu alisitasita, lakini angesemaje mbele ya kilio kile?"

Asia anapiga bega la Somoe kwa kiganja, kumwelekeza upande wa ng'ambo. Hamtazami Francisca. Anasema tu kwamba hata yeye alikubali, na kwamba siku ile hakuna aliyeona ubaya.

Kile ambacho hawakukijua, Joyce aliwaeleza miaka kadhaa baadaye. Mapigo yale ya maji, yaliyosikika asubuhi na jioni kwa vizazi na vizazi, yalikuwa zaidi ya wito wa kazi. Kwa mbeleko yalikuwa alama kwamba mahali pale wenzao wapo na pana usalama. Mlango wa mto ukinyamaza muda mrefu, kwao umehamwa, nao huhama.

Watu wa Likwaya walinyamaza kweli kweli. Watoto walikatazwa kurusha mawe mtoni. Hata wenye mitumbwi waliombwa wapige kasia taratibu, wakakubali. Siku ya arobaini walipika wali, wakavaa vizuri, wakateremka mtoni wote, na mzee Salumu akaingia majini kufungua kazi.

"Alipiga, tukasubiri," anasimulia Asia. "Akapiga tena. Akatokea Somoe peke yake. Mjomba akasema, wale watoto wako mbali, wanakuja. Akaendelea kupiga mpaka viganja vikavimba. Nikamshika mkono, nikamwambia, mjomba, tutoke, wali unapoa."

Watoto wa Somoe hawakuonekana tena. Mzee Salumu alifariki mwaka uliofuata. Asia hasemi kwamba alikufa kwa huzuni, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na mgonjwa, lakini anasema hakuteremka tena mtoni hata kwa kuoga.

Na Somoe je, kwa nini alibaki? Jibu lake ni dogo, na ndilo linalomuumiza Asia kuliko yote. Wakati wa arobaini ile binti yake, Farida, alikuwa amejifungua. Nguo za mtoto mchanga hazingoji msiba, kwa hiyo kila asubuhi Asia aliteremka na beseni, akazifua kwa kuzipiga juu ya jiwe lililopo ukingoni. Somoe alikuwa akipumzika kwenye mikoko ya karibu. Alisikia mapigo, akaja, akalala kando ya jiwe.

"Nilimfukuza," anasema Asia. "Nilimwambia, nenda, tuko msibani. Hakwenda. Watoto wake walipenda mkono ule mwingine wa mto, kule mbali, sauti haifiki. Yule mjukuu wangu sasa yuko darasa la pili. Kila nikimwona na sare yake nasema moyoni, laiti ningekuwa na nguo nyingi zaidi za kufua. Laiti ningeteremka na nguo za kijiji kizima."

Ng'ambo, ukingo ni wa mchanga. Somoe anaegesha ubavu na Francisca anashuka. Kwa desturi, abiria akishuka humwosha mbeleko macho kwa maji ya kunywa aliyobeba, ili kumtoa chumvi. Francisca anatoa chupa, anamimina kiganjani, anamwosha jicho moja, kisha la pili. Anainama karibu na tundu la sikio na kusema maneno kwa Kimakonde. Anasema maneno mengi. Asia anatazama mbali mpaka amalize.

Baadaye mwandishi alimuuliza Francisca alisema nini. Alijibu kwamba hayo hayawekwi gazetini.

Tangu Chande afe, Asia na Somoe wamefanya kazi wawili tu. Nauli ni shilingi elfu moja, nusu ya ile ya boti, lakini boti inavuka kabla hujamaliza kujisomea dua, na vijana hawana muda wa kulowa. Asia ana shamba la muhogo na mikorosho kadhaa aliyoirithi, na anakiri kwamba hiyo ndiyo inayomlisha. Farida amemsihi mara nyingi aache mto, ahamie kwake Naliendele, karibu na mjini. Asia amekuwa akijibu kwamba Somoe hana mtu mwingine.

Mwezi Aprili mwaka huu zilikuja habari. Cesar, mume wa Nilza, ambaye ni mvuvi, alimwona mbeleko dume nje baharini, kusini mwa mlango wa mto. Alikuwa mgeni, mwenye mwili mzima usio na kovu, na hakuwa amezoea watu. Cesar alimpigia maji kwa mapigo ya Likwaya, na yule dume akazama.

Joyce alikwenda akamwona mwenyewe. Kisha akaja Likwaya, akaketi kwenye mkeka wa Asia, akasema alichokuja kusema. Dume yule hatapanda mtoni, kwa kuwa hajafundishwa wito na anaogopa boti. Somoe angeweza kumfikia, na kwa umri wake huenda bado ana nafasi ya kuzaa mara moja. Lakini Somoe haendi mbali na mlango wa mto, kwa sababu kila asubuhi na kila jioni Asia anamwita. Joyce alimwomba aache kumwita.

"Nilikasirika," anasema Asia. "Nilimwambia, mdogo wangu, sisi tulishanyamaza mara moja. Unataka tunyamaze tena? Nikaingia ndani, nikamwacha na chai yake."

Joyce hakuondoka. Asia alipotoka alimkuta palepale, chai imepoa, na akamuuliza swali moja tu, kama ana hakika.

"Nilimwambia sina," Joyce anasema. "Anaweza kwenda asimkute dume. Anaweza kunaswa njiani. Ninachojua ni kwamba akibaki hapa atakufa peke yake, na mbeleko watakuwa wamekwisha katika mto huu. Nisingeweza kumwambia zaidi ya hapo."

Asia anasema jibu hilo ndilo lililomlainisha. Angeambiwa kwamba kila kitu kitakuwa sawa, angemfukuza yule binti, na mkeka aliokalia angeuanika. Alifikiri wiki kadhaa. Alimuuliza shehe, akamuuliza Farida, akaenda hata kwenye kaburi la mjomba wake. Mwisho alichagua bamvua ya mwezi huu, wakati maji yanapokupwa sana na kukivuta kila kilichomo kwenda nje.

Francisca alipopata habari alikaa kimya wiki nzima, jambo lililowatia watu wasiwasi. Kisha akaja na ombi la kuwa abiria wa mwisho. Alisema atarudi kwa boti, ingawa anaichukia.

Wakati wa kurudi, Asia yuko peke yake mgongoni. Karibu na jiwe la kufulia anashuka, maji kiunoni, na kuanza kufungua fundo la mkanda wa ukindu. Limekazwa na maji na linamchukua muda. Likifunguka, anauzungusha mkanda mkononi mwake na kuuweka begani.

Somoe anabaki palepale. Kwa mazoea yake, mkanda ukiguswa ni dalili kwamba abiria mwingine anakuja, kwa hiyo anainua mgongo na kungoja. Asia anapanda ukingo bila kugeuka, na mwandishi, ambaye amegeuka, anatamani asingegeuka.

Bamvua imepita. Mwandishi aliporudi Likwaya hakumkuta Asia mtoni. Alimkuta kwenye kisima cha kitongoji, juu kabisa nyuma ya msikiti, ana beseni la nguo mbele yake. Hazipigi. Anazisugua kwa mkono, polepole, na akizikamua anahakikisha maji hayadondoki kwa kishindo. Kutoka pale hadi mtoni hakuna sauti inayofika, lakini anasema hataki kubahatisha.

Anasimulia kwamba siku za mwanzo Somoe aliendelea kuja. Maji yakijaa alilala kando ya jiwe, Asia akimtazama kutoka nyuma ya ua wa makuti wa jirani.

"Alikuwa anapumua tu, na mimi huku napumua," anasema. "Nilikalia mikono yangu. Kweli, niliikalia, mwandishi, usicheke. Ilikuwa inataka kwenda yenyewe."

Halafu asubuhi moja maji yalijaa, na kando ya jiwe hapakuwa na kitu. Hakuonekana jioni wala kesho yake. Cesar anatoka na mtumbwi wake kila siku na bado hajaona chochote, si Somoe wala yule dume. Joyce anasema ni mapema mno kusema neno. Francisca amerudi kwa boti, akatapika njiani, na kila asubuhi hupita kwa Asia kuuliza kama simu imelia.

Asia hasira anayo, na haifichi. Anawakasirikia wenye kokoro na wenye nyavu, anaukasirikia wema wa watu wake, na siku nyingine anamkasirikia Somoe kwa kutii haraka hivyo. Lakini hajaenda Naliendele. Farida amekuja mara mbili kumchukua na amerudi peke yake. Mkanda wa ukindu unaning'inia mlangoni, na Asia ameusuka upya pale ulipoanza kulegea.

Mwandishi alimuuliza anangoja nini. Alisugua shati moja, akalikamua, akalitandaza juu ya majani kabla ya kujibu.

"Mbeleko akizaa hubeba mwanawe miezi mingi, na watu wa bahari watamwona tu. Cesar atanipigia. Siku nikiambiwa ana mtoto mgongoni, nitalichukua beseni hili na kuteremka nalo mpaka kwenye jiwe langu," alisema. "Sitamwita. Nitafua tu."